Safu Moja ya Jedwali

Faili lilikuwa nene, lakini kilichosomwa ni safu moja tu ya jedwali.

Nilikuwa mgeni kwenye kamati ya kupandisha vyeo. Mwenzetu wa idara jirani alikuwa ameomba uhadhiri mwandamizi, na kando ya kila makala yake palikuwa na kipimo cha athari cha jarida lililoichapisha, tarakimu tatu baada ya nukta, utadhani dozi ya dawa. Mwenyekiti aliteremsha kalamu polepole, akaisimamisha kwenye namba ndogo kuliko zote. "Jarida hili ni la chini," akasema. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali.

Makala hiyo nilikuwa nimeisoma usiku uliotangulia. Mwandishi alilirudia jaribio moja maarufu kwa sampuli kubwa zaidi, akaonyesha hatua kwa hatua kwamba matokeo yale hayapatikani tena. Majarida makubwa yaliikataa kwa kuwa eti haikuwa na jipya. Kwangu, ndiyo iliyokuwa kazi bora kuliko zote alizowasilisha.

Nikaomba nafasi ya kusema. Namba ile, nikaeleza, ni hesabu ya mara ambazo makala za jarida za miaka 2 iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, ikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Makala chache zinazonukuliwa mno ndizo huuvuta wastani juu; nyingi hubaki chini yake. Eugene Garfield na Irving Sher walikibuni kipimo hicho miaka ya 1960 ili kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yao. Walikuwa wakipima majarida, si watu! Nikataja pia Azimio la San Francisco la 2013, linalotaka utafiti upimwe kwa ubora wake wenyewe, si kwa jarida lililouchapisha.

Kisha nikauliza nani ameifungua makala. Mjumbe mmoja akaanza kupekua faili kuitafuta.

"Daktari," mwenyekiti akasema kwa upole, "tukianza kusoma kila makala tutakesha hapa. Kanuni inadai majarida ya robo ya juu kwa namba hiyo."

Kura zikapigwa, maombi yakakataliwa. Mpaka leo naamini tulimdhulumu.

Baadaye mwombaji aliniambia ameliacha jaribio jingine alilokuwa ameanza kulirudia, na wanafunzi wake amewahamishia kwenye mada inayopendwa na majarida makubwa. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Data alizokwisha kukusanya hazijachapishwa, na lile jaribio maarufu bado linanukuliwa.