Dunga Hadi Dunga: Kilomita 300 Ndani ya Saa 20

Mara ya kwanza nilipojaribu kuendesha baiskeli kilomita 300 ndani ya saa 20, niliishia Bumala. Ilikuwa saa mbili unusu usiku, mvua inanyesha, na kondakta wa matatu ya Kisumu akaifunga baiskeli yangu kwa kamba juu ya keria. Nilikuwa nimeendesha zaidi ya kilomita 210 tangu saa kumi alfajiri. Miguu ilikuwa ingali na nguvu, tumbo halikuwa na neno, baiskeli haikuwa na kasoro. Kilichokwisha ni muda. Zilikuwa zimebaki saa tatu unusu na zaidi ya kilomita tisini za vilima na giza.

Hiyo ilikuwa Agosti. Januari iliyofuata nilimaliza njia ile ile, na nilipofika nilikuwa bado na saa moja unusu. Watu wengi walioniuliza wanadhani nilijenga miguu mipya. Miguu ni ile ile.

Kwanza nieleze tulichokuwa tunafuata. Kuna mtindo wa kuendesha baiskeli masafa marefu uliotoka Ufaransa, ambao hauna mshindi wala zawadi. Kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu, 300 hupewa saa 20, 400 saa 27, 600 saa 40. Ukifika ndani ya muda, umemaliza, uwe wa kwanza au wa mwisho. Safari yake kubwa ni Paris–Brest–Paris, iliyoanza mwaka 1891 kama mashindano ya mbio, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne: kilomita 1,200 kwa saa 90. Kila mwendeshaji hubeba kadi inayopigwa muhuri kwenye vituo. Saa haisimami unapokula, unapolala wala unapoziba pancha.

Sisi tuko wanne: mimi, jirani yangu mwalimu, mama mmoja muuguzi, na kijana anayebeba abiria kwa baiskeli pale Kibuye. Hatukungoja mtu atuandalie. Tulichora mzunguko wetu: kuanzia ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, kupanda Kondele, Mamboleo na Kiboswa hadi Kakamega, kisha Malava, Webuye, Bungoma, Malaba, kushuka Busia, na kurudi nyumbani kwa Bumala, Ugunja, Yala, Luanda na Maseno. Kilomita 300, ikizidi ni kidogo, na Ikweta unaivuka mara mbili. Tulichagua upande huo wa kuzunguka kwa sababu moja: kipande cha Webuye hadi Malaba ndiyo njia ya trela zinazokwenda Uganda, na tulitaka tukipite mchana. Kadi zetu zilikuwa kurasa za daftari.

Wiki moja baada ya kushindwa nilikaa na simu yangu nikaanza kuchunguza. Kila tulipofika kituoni nilikuwa nimepiga picha, na picha ina saa yake. Kila tulipoondoka nilikuwa nimelipia chakula kwa M-Pesa, na ujumbe nao una saa yake. Nikaviweka pamoja kituo kwa kituo. Kakamega, dakika 50. Webuye, 35. Bungoma, saa moja unusu. Malaba, 45. Busia, saa moja na dakika 20. Nikajumlisha mara mbili kwa kuwa sikuamini. Saa tano kamili tulikuwa tumekaa kwenye mabenchi ya hoteli.

Ukigawa kilomita 300 kwa saa 20 unapata 15 kwa saa. Mwendo huo hata baiskeli nyeusi yenye gunia la mahindi inauweza kwenye tambarare ya Ahero. Sisi tulikuwa tunaenda zaidi ya 18. Yale tuliyokuwa tunayachuma barabarani kwa jasho tuliyamwaga mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona yakimwagika. Bungoma tulikumbuka kama mahali tulipopumzika kidogo.

Nilimpelekea mjomba wangu habari hiyo, anayeishi nje kidogo ya mji wa Busia. Ujanani alibeba watu na mizigo kwa baiskeli pale mpakani, kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Jina bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huo huo, kabla pikipiki hazijalichukua. Nikamuuliza, “Mjomba, mlikuwa mnawezaje kutwa nzima bila kuchoka?”

“Kuchoka tulichoka, mpwa wangu. Lakini nilikuwa nakula nikiwa juu ya kiti. Nikishuka nikakaa kivulini na jasho likanikaukia, magoti yanakuwa kuni. Nikipanda tena naanza kama mgonjwa.”

Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimeyahisi magoti hayo nilipotoka Busia jioni ile.

Basi mazoezi ya mara ya pili yalikuwa ya namna mbili. Ya kuendesha hayana mengi ya kueleza. Mimi ni fundi wa umeme, naishi Nyalenda na kazi zangu nyingi ziko Mamboleo na Riat, kwa hiyo siku za kazi nilipanda kilima na begi la vifaa mgongoni. Jumamosi ilikuwa ya safari: Ahero na kurudi, kisha Awasi na kurudi, kisha Kakamega na kurudi, kila wiki nikiongeza kidogo na wiki ya nne nikipunguza ili mwili ushike. Safari iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya Awasi, Chemelil, Nandi Hills, Kapsabet na kuteremkia Chavakali. Kutoka kwenye miwa ya Chemelil hadi kwenye majani chai ya Nandi Hills unapanda zaidi ya mita 700. Baada ya siku hiyo nilikwenda kwa fundi wangu akanibadilishia friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma, akaniwekea yenye gia kubwa ya meno 32, nyepesi kupandia. Mwalimu alikataa kubadilisha yake, akasema gia nyepesi inamfanya mtu mvivu. Mimi naona goti halina spea.

Mazoezi ya namna ya pili ndiyo hasa yaliyonivusha: kujifunza kusimama. Tulipanga kwamba kila kituo kina dakika zake na kazi zake, na kazi hizo zina mpangilio. Chupa za maji kwanza, choo, chakula cha kubeba, kulipa, kuondoka. Simu inawekwa kengele mara tu mguu unapogusa ardhi. Jumamosi mbili nzima tulizitumia hivyo, tukisimama Ahero na Awasi kwa dakika kumi kumi, na mara ya kwanza tulipitisha hadi 22 kwa sababu kijana wetu alikutana na mtu wa kwao. Kumkatiza mtu salamu ni jambo gumu kwetu. Tukaamua kwamba siku ya safari mmoja wetu atakuwa na kazi ya kusema “haya, twende”, na wengine hawatamnunia. Muuguzi ndiye aliyepewa. Wodini amezoea kuagana na watu kwa upole bila kupoteza dakika.

Kama hutakaa kula, lazima ule ukiendesha. Wanaoujua mchezo huu hushauri wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa, kuanzia saa ya kwanza kabla hujahisi njaa, kwa sababu ukingoja njaa umeshachelewa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25. Nilibeba ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa vipande vya kujaza kinywa mara moja, vikanyunyiziwa chumvi, na sukari nguru iliyovunjwa vidogo vidogo. Muuguzi alitushonea vifuko vya kitambaa vya kufunga kwenye usukani, mdomo wazi, mkono unaingia bila kutazama. Kengele kila nusu saa. Kitu kimoja nilichogundua kwa kuteseka: baada ya saa kumi za utamu, ulimi unakataa kabisa. Sukari nguru niliyoipenda alfajiri ilinitia kichefuchefu Malaba ile Agosti. Tangu hapo nabeba chapati iliyokunjwa na yai lenye chumvi kwa ajili ya jioni.

Mengine niyataje upesi. Usukani niliuzungushia tyubu kuukuu iliyokatwa utepe, na vidole havikufa ganzi tena. Kiti nilikipandisha hadi mguu ukanyooka nikikanyaga pedali kwa kisigino. Mafuta ya mgando sehemu za kukalia, kabla ya kuondoka na tena Malaba. Tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, kiungo cha cheni. Taa mbili za mbele kwa kila mtu, kwa sababu Agosti yangu moja ilizimika. Taa nyekundu nyuma, na jaketi la reflekta hata mchana.

Januari tuliondoka Dunga saa kumi kamili alfajiri. Wavuvi walikuwa bado ziwani, unaona taa zao tu. Kiboswa tulipanda polepole, tukiongea, na yeyote aliyeshindwa kuongea aliambiwa apunguze. Jua lilitukuta tumekaribia jiwe linalolia la Ilesi. Kakamega dakika kumi. Nilipokuwa najaza chupa niliiona hoteli tuliyokaa Agosti, harufu ya mandazi inatoka, na nilitamani kuketi kuliko nilivyotamani kitu chochote siku hiyo. “Haya, twende,” akasema muuguzi.

Baada ya Malava nilipata pancha, msumari. Dakika 25, ambazo nyingine zilipotea kwa sababu sikupapasa tairi kwa ndani na nikakaribia kutia tyubu mpya juu ya msumari ule ule. Kijana ndiye aliyenishika mkono. Webuye tulikunywa chai, dakika 20. Kutoka hapo trela zilianza, na upepo wake hukusukuma kwanza kisha ukakuvuta. Tulikwenda mstari mmoja, tukiacha nafasi, na kila honi ndefu iliposikika nyuma tulishuka pembeni bila kujadiliana. Malaba tulikula kweli: wali madondo, nusu saa, kivulini, soksi zimevuliwa. Hiyo nusu saa tuliipanga tangu nyumbani na kila mmoja aliifaidi bila wasiwasi.

Mjomba alikuwa anatungoja kando ya lami Busia, na jagi la uji wa wimbi. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Agosti nilifika pale saa kumi na moja unusu. Aliitazama saa yake, akamtazama muuguzi, akasema, “Mama, waondoe hawa.” Tulikunywa tukiwa tumesimama.

Sehemu ya Busia hadi Luanda ni ndefu kuliko ramani inavyosema. Jua linakupiga mgongoni, nyumba zinafanana, na unajua kwamba baada ya Yala barabara inapanda tena. Bumala nilipita bila kusimama. Niliitazama ile stendi ya matatu, nikala chapati yangu, nikaendelea. Ugunja dakika 15. Giza lilituingilia kabla ya Yala, tukawasha taa zote, na kutoka hapo hatukuongea sana. Mwalimu alianza kubaki nyuma. Goti. Tulimweka mbele ili aamue mwendo, na mwendo ukashuka hadi kumi na tatu, wakati mwingine kumi na mbili. Agosti hilo lingetumaliza. Safari hii tulikuwa na akiba, na akiba hiyo tuliitumia kwa ajili yake, kilima baada ya kilima, hadi taa za Luanda. Hapo dakika kumi, maji tu. Maseno tukavuka Ikweta, na kutoka hapo tukaanza kuteremkia Kisumu, breki mkononi, macho kwenye matuta.

Dunga tulifika saa nne unusu usiku. Saa 18 na nusu, na kati yake tulikuwa tumesimama saa mbili na robo, pancha ikiwemo. Muuguzi alituandikia saa kwenye kadi zetu akiziegemeza kwenye tangi la pikipiki ya mtu. Mama mwenye kibanda alikuwa anafunga, akafungua tena, akatukaangia samaki, ngege. Tulikaa. Sijui tulikaa muda gani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyeweka kengele.

Sasa tunapanga 400, saa 27. Mwalimu amekubali kubadilisha friwili. Wenzangu walitaka tupande Kericho hadi Nakuru kupitia Mau Summit, nami nimekataa, kwa sababu kwa muda huo sehemu ya Londiani na Salgaa ingetukuta usiku. Mwezi Juni 2023 lori lilitoka barabarani pale njia panda ya Londiani likaua zaidi ya watu 50 waliokuwa kando ya lami. Kericho tutakwenda, lakini mchana, na tutageukia hapo hapo turudi ziwani. Kilomita zitakazobaki tutazitafuta upande wa Busia, ambako mjomba ameshaniuliza uji auandae saa ngapi.