Siku moja maishani mwangu: mimi si mganga wa kubeti

Chai, mahamri ya jana, feri ya Likoni, tuktuk, saa mbili nshafika maabara. Hapo hakuna la kusimulia.

Mimi ni teknishian wa fizikia hapa Mombasa, chuo sitaji. Kazi yangu ni kutengeneza namba za kubahatisha kwa mwanga. Kuna leza ndogo tunaipa umeme kidogo tu, haifiki kile kiwango cha kuwaka kama leza, hapo fotoni, chembe za mwanga, zinatoka hovyo na hakuna binadamu anaeweza kusema ijayo itatoka lini. Fotodaiodi, kidude cha kunasa mwanga, inazigeuza volteji, ikipita kizingiti ni 1, isipopita 0. Shusha kizingiti, 1 zinakuja 70 kwa mia badala ya 50. Ukiwa na biti kama hizo, yaani hizo 1 na 0, unaweza kuuliza maswali yasiyo na jibu moja, mfano foleni ya malori bandarini kesho itafika wapi, kompyuta inabahatisha maelfu ya mara halafu waangalia majibu yamerundikana wapi. Wale wa chuo cha MIT Marekani walitoa yao kwenye jarida la Science 2023, wao waliisukuma bahati ielemee upande mmoja kwa mwanga hafifu ambao kwa wastani haufiki hata fotoni moja. Sisi vyetu vya kuungaunga lakini vyafanya kazi.

Saa tatu nafuta lenzi, maana hewa ya huku ni chumvi tupu.

Saa nne hivi akaja jamaa, sijui nani kamwelekeza. "Bro, nasikia wewe ndo mwenye zile namba." Yeye acheza ile gemu ya kubeti ya ndege, ana daftari kaandika kila raundi. Namwambia kaka, mimi nalipwa ili namba zisitabirike. Aniambia sawa, lakini si wewe ndo wazitoa, basi wazijua! Nikamweleza namba za kompyuta za kawaida zatoka kwenye fomula yenye mbegu, yaani namba ya kuanzia, mwenye mbegu anazo zote, ila mbegu yenyewe wewe huna, na hii yangu haina hata hiyo mbegu. Wapi. Nikamuonyesha skrini, sifuri sita zimefuatana, inayofuata? "Moja, lazima!" Ikaja sifuri. Akacheka ati mashine yangu mbovu.

Kumbe muda wote huo kachomeka chaja ya simu, ya bei ya barabarani, kwenye ekstensheni ya amplifaya yangu. Mchana naendesha majaribio, biti zina mpangilio, zapanda na kushuka kama wimbi, ndo kutafuta sasa, nkashuku leza, nkashuku waya, nkazima AC nkaloa jasho, mpaka nkaiona ile chaja ametuachia pale ukutani. Kuna ujanja wa von Neumann, yule mwanahisabati, wa kuchukua biti mbili mbili, 01 waandika 0, 10 waandika 1, 00 na 11 watupa, lakini huo watibu upendeleo tu, yaani 1 kuzidi 0 au 0 kuzidi 1, kelele ya umeme kama ya ile chaja hauiponyi, na bado wakugharimu si chini ya robo tatu ya biti.

Nkaanza upya. Stima ikapotea, ikarudi, leza ikataka kupoa tena mpaka joto litulie, magharibi yaadhiniwa mi bado nasogeza kizingiti kidogo kidogo.

Usiku ndo biti zikafaulu majaribio. Ile chaja iko kwenye droo yangu, akija kuichukua nitamkabidhi mlangoni, ndani haingii.