Siku yangu na utando wa PEO

Saa 1:30 asubuhi. Tramu ya Grenoble, Ufaransa, imejaa wanafunzi, milima ya Alps ina theluji kileleni, na mawazo yangu yako kwenye tanuri la ombwe la maabara. Humo kuna tando tatu nyembamba za polima, za kutumiwa ndani ya betri, zinazokauka tangu juzi. Wiki iliyopita utando wangu mmoja ulipitisha ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, vizuri ajabu. Nilishinda na furaha siku nzima, mpaka msimamizi wangu aliponiuliza, "Ulihakikisha uzito wake umeacha kupungua?" Sikuhakikisha. Leo narudia.

Saa 2:15. Kwa mgeni wa mambo haya: PEO, yaani polietilini oksaidi, ni unga mweupe wa polima ya minyororo mirefu, yenye oksijeni moja kila baada ya kaboni mbili. Oksijeni hizo huishika ioni ya litiamu na kuiachia, ikapokelewa na nyingine. Mwaka 1973 Peter Wright na wenzake kule Sheffield walionyesha kuwa PEO huungana na chumvi za metali kama sodiamu na potasiamu. Mwaka 1978 Michel Armand, aliyekuwa akifanya kazi katika mji huu huu, akapendekeza itumike ndani ya betri mahali pa elektroliti (kipitishi cha ioni) ya kimiminika, inayovuja na kushika moto. Kila ninaposhuka tramu nalikumbuka hilo.

Saa 3:00. Naingiza mikono kwenye glavu nene za kisanduku kilichozibwa na kujazwa gesi ya agoni. Humu unyevu haufiki hata sehemu moja katika milioni. Chumvi yangu ya litiamu, LiTFSI, ina kiu ya maji kuliko chumvi ya jikoni kwetu Tanga, ambayo msimu wa masika hulowa yenyewe koponi. Ndiyo maana niliikausha kwanza kwa nyuzi 120 kwenye ombwe. PEO haivumilii joto hilo kwani huyeyuka karibu na nyuzi 65, kwa hiyo niliikausha kwa 50. Napima gramu 1 ya PEO na gramu 0.326 za chumvi: litiamu moja kwa oksijeni ishirini.

Saa 4:00. Chumvi inayeyuka upesi ndani ya kiyeyushi changu, asetonitrili. Unga wa PEO hautaki haraka. Ukiumwaga wote kwa pupa unapata madonge, nje utelezi, ndani unga mkavu, kama uji ulioharibika. Naunyunyiza kidogo kidogo huku sumaku ikikoroga, karibu nusu saa, mkono ukiuma ndani ya glavu. Kisha nafunga chupa, iendelee kukorogwa mpaka kesho.

Saa 5:30. Mchanganyiko wa jana umekuwa mzito kama gundi na mapovu yametoka. Naumimina kwenye kisahani cha Teflon na kukifunika nusu, ili asetonitrili iondoke polepole. Ikiondoka haraka utando hujaa vitundu.

Saa 7:00. Wali, dengu, kahawa.

Saa 8:00. Tando za kwenye tanuri. Napima uzito, nazirudisha kwenye ombwe kwa saa mbili, napima tena. Mizani inasoma vilevile mpaka tarakimu ya mwisho. Hapo ndipo nakata duara la milimita 16, lenye unene wa maikromita 150, nalibana kati ya visahani viwili vya chuma cha pua na kuifunga seli.

Saa 11:00 jioni. Mashine inapitisha mkondo geu, ikishusha masafa kutoka mamilioni kwa sekunde. Kwenye nyuzi 25, ukinzani ni omu 1,490, yaani upitishaji wa takriban 5 × 10⁻⁶ simensi kwa sentimita. Wa wiki iliyopita ulikuwa mara kumi ya huu. Mwenzangu wa maabara, kijana wa Bukavu, anachungulia skrini kwa huzuni.

"Yaya, namba imeshuka sana."

"Imeshuka, mdogo wangu, kwa sababu hii ni ya utando wenyewe. Ile ilibebwa na asetonitrili iliyobaki ndani."

Napandisha joto hadi nyuzi 70 na kuacha seli itulie. Omu 15! Fuwele za PEO, sehemu ambamo minyororo imejipanga na kubanana, zimeyeyuka, minyororo imelegea, na ioni zinasafiri kwa mtikisiko wake. Kukiwa na baridi, fuwele huibana minyororo. Ndiyo sababu magari ya umeme ya Bluecar ya kampuni ya Bolloré, yenye betri za aina hii ya polima, yaliyokodishwa Paris katika mradi wa Autolib kuanzia 2011, yalilazimika kuweka betri zake zikiwa na joto. Nami nimo humu kutafuta utando utakaopitisha ioni bila kupashwa.

Saa 1:00 usiku. Kwenye daftari naikata namba ya wiki iliyopita kwa mstari mmoja, isomeke bado, na pembeni naandika: haukukauka. Chini yake naandika ya leo, pamoja na uzito wa mara zote mbili. Kisha nasambaza unga mpya wa PEO kwenye sinia, naweka tanuri nyuzi 50, na kusubiri kidogo mshale wa ombwe ushuke kabla ya kuzima taa.