Kumfuata Husen mpaka Sachsenhausen

Nilikuwa Berlin kwa dada, nikasema siondoki bila kumsalimia mzee wetu wa Dar. Naongelea Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar 1904, kaingizwa uaskari wa Mjerumani angali mtoto, 1929 akaja huku kudai mshahara wake na wa babake wa vita ile ya kwanza. Wakamtosa. Akabaki anafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza kwenye filamu.

Tukaanza Brunnenstraße 193, kuna kijiwe cha shaba cha kumbukumbu chenye jina lake kimepachikwa njiani, kadogo kama kiganja, mi nilikipita mara mbili mpaka shemeji (Mjerumani huyu) akaniita nirudi.

Tukapanda treni ya S1 hadi Oranienburg, halafu kwa mguu, njia nzima ni nyumba za watu, maua, baiskeli za watoto, ghafla unakutana na geti la chuma la Sachsenhausen, ile kambi ya mateso ya Wanazi, limeandikwa kazi huleta uhuru. Kuanzia 1936 hadi 1945 walipitishwa hapa watu zaidi ya 200,000, Wayahudi, Waroma (wale wanaoitwa Wajipsi), wakomunisti, mashoga, Mashahidi wa Yehova, kila kundi na kipande chake cha kitambaa cha pembetatu na rangi yake. Wayahudi kama 6,000 waliletwa kwa mkupuo Novemba 1938, na Oktoba 1942 waliobaki karibu wote wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Banda namba 38 walilolala lilichomwa moto 1992, ndio, 1992, juzi tu hapo! Rangi ya ukutani imetoka malengelenge na wameiacha hivyohivyo.

Ila kilichonishika ni ile njia ya kujaribia viatu. Imezunguka uwanja, hapa zege, pale kokoto, pale mchanga, na wafungwa walitembezwa hapo kama kilomita 40 kwa siku ili viwanda vijue soli inadumu kiasi gani. Mi nilivaa viatu vya kuazima vya shemeji, hata nusu mzunguko sikumaliza vidole vikaanza kuwaka.

Husen walimkamata 1941, kosa mwanamke wa Kizungu, hakuna hata kesi, akafia humu tarehe 24 Novemba 1944. Nikamsomea Fatiha palepale kwenye kokoto.

Shemeji akaniuliza, hivi huyu alikuwa anafundisha nini hasa? Nikamwambia Kiswahili, hikihiki ninachopiga na mkeo jikoni kila siku wewe umekaa tu unatutolea macho.