Faili za meinfremu zinakaa wapi hasa?

Mtu aliyezoea Linux akiingia z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM) upande wa Unix anaandika ls, anaona /bin, /etc, /usr, /tmp, anasema aah hapa nyumbani. Sawa, ila chini ya huo mti kuna mambo mengine kabisa na mimi ndo sehemu nayoipenda kuliko zote kwenye hizi mashine za IBM.

Meinfremu kiasili haina folda. Ina dataseti, yaani faili la meinfremu lenyewe, jina lake haliruhusiwi kuzidi herufi 44 pamoja na nukta zake, kila kipande mwisho herufi 8, na katalogi, yaani orodha ya dataseti, ndo inayojua ipo diski gani. IBM walipoleta Unix humo miaka ya 90 hawakuvunja utaratibu huo, walichukua mti mzima wa folda na faili wakauweka ndani ya dataseti. Kwa hiyo maelfu ya faili zako, kwa jamaa wa storeji ni dataseti moja tu, tuseme OMVS.USER.ZFS, anaifanyia bakapu kama dataseti nyingine yoyote. Aina ya mwanzo ya dataseti hizo za kubeba mti iliitwa HFS, ikaja zFS ambayo inakaa ndani ya VSAM (aina mojawapo ya dataseti), na kuanzia z/OS 2.5 HFS haipo tena.

Kumaunti sasa, yaani kuunganisha dataseti ya namna hiyo kwenye direktori ya mti. Mfumo ukiwaka unasoma BPXPRMxx, mipangilio ya upande wa Unix iliyopo kwenye PARMLIB (dataseti ya mipangilio ya mfumo), humo kuna ROOT halafu MOUNT zinafuatana, na mpangilio una maana maana huwezi kumaunti kitu kwenye direktori ambayo bado haijapatikana. Na ukimaunti juu ya direktori yenye faili zake, zile faili hazifutiki, zinafichika tu mpaka uanmaunti, usije ukapaniki.

Utamu wenyewe upo kwenye sisipleksi, yaani mifumo kadhaa inayotumia mti mmoja. Ruti ya juu ni ndogo sana, karibu yote ni direktori tupu na simboliki linki (njia za mkato): /bin inaelekeza $VERSION/bin, /etc inaelekeza $SYSNAME/etc ($VERSION inageuzwa kuwa jina la toleo, $SYSNAME jina la mfumo husika). Kwa hiyo mifumo miwili ikisoma /etc/profile kila mmoja unapata ya kwake, wakati programu za IBM zenyewe zipo kwenye dataseti moja iliyomauntiwa kusoma tu na wote wanaichangia. Ukitaka kupandisha toleo unaandaa dataseti mpya pembeni, unabadili VERSION kwenye BPXPRMxx unafanya IPL (kuwasha mfumo upya), ikigoma unarudi kwenye ile ya zamani ambayo haijaguswa. Ndo maana nasisitiza sana, vitu vyenu msiviweke ndani ya ruti ya toleo (hiyo dataseti ya programu za IBM) hata kama nafasi ipo, toleo likibadilika vinabaki nyuma, vipeni dataseti yao na maunti pointi yao.

Folda za watumiaji chini ya /u waachieni automaunti, inamaunti mtu akiigusa tu na kuitoa yenyewe ikikaa bila kazi.

Mwenye akaunti ya TSO (sehemu ya kuandikia amri kwenye z/OS) aingie OMVS (sheli ya Unix) aandike df, safu ya kwanza ni njia, pembeni yake kwenye mabano ndo jina la dataseti yenyewe.