Jinsi nilivyotatua swali la Cypher lililorudi tupu

Katika hifadhidata ya grafu (inayohifadhi vitu na uhusiano kati yao) ya vituo vya matatu vya Mombasa niliyoiunda kwa programu ya Neo4j, swali la njia kutoka Kongowea hadi Mwembe Tayari lilileta majibu, ilhali la kurudi lilitoka tupu. Kukagua tahajia na kuingiza data upya hakukusaidia. Neo4j huhifadhi kila uhusiano ukiwa na mwelekeo mmoja, lakini Cypher, lugha ya kuuliza maswali katika Neo4j, ambayo huchora umbo linalotafutwa kwa mabano na mishale, huruhusu swali lipuuze mwelekeo huo. Niliondoa alama moja tu, kichwa cha mshale: badala ya (a)-[:INAUNGANA*..6]->(b) niliandika (a)-[:INAUNGANA*..6]-(b), a na b zikiwa vituo viwili, na njia ya kurudi ikajitokeza. Kikomo cha hatua 6 (*..6) msikiondoe, kwani bila mwelekeo idadi ya njia huongezeka kwa kasi mno.