Ngozi Zake Unazo Tele

Bi Mkubwa, tarantula wangu (buibui mkubwa mwenye manyoya) aliyekufa, ameshakauka, pini zimetolewa, na amekaa vizuri ubaoni kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo kauli moja ya wifi imenikaa rohoni tangu Jumapili. Alisimama mbele ya kabati, akamtazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Lakini wifi, ngozi zake alizojivua si unazo tele kwenye boksi? Hii ina tofauti gani na zile?" Nikamjibu, "Hii ni yeye mwenyewe." Akasema, "Haya," akarudi sebuleni.

Hiyo "haya" ndiyo inayoniuma. Angebisha, ningebishana naye. Nimeyarudia mazungumzo hayo nikipiga mswaki, nikiwa katika kikao tulichotambulishiwa mkuu mpya wa idara, na hata siku baba aliporuhusiwa kutoka hospitali (anaendelea vizuri, ahsanteni kwa dua), na kila mara jibu langu linazidi kuonekana jepesi.

Ubaya ni kwamba swali lake lina mantiki. Tarantula hana mifupa ndani. Umbo lake lote linashikiliwa na gamba la nje, na kila anapojivua huacha nakala yake yenye vinyweleo, ganda la meno ya sumu, na hata utando wa ndani wa tumbo lake la kufyonzea chakula. Jike wa aina yake, Brachypelma hamorii wa Meksiko mwenye magoti mekundu, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo boksi lile halikujaa kwa bahati mbaya. Mimi kwa upande wangu nilimpasua tumbo kwa chini, nikatoa yaliyokuwamo kwa kibano, nikapangusa kwa spiriti na kujaza pamba, kwa sababu tumbo lile ni laini mno na likikaushwa bila kutolewa kitu huoza au hunywea. Ukiacha nyama kidogo iliyokaukia kifuani na miguuni, nilichokihifadhi ni gamba lenye pamba. Wifi hakuyajua hayo yote, lakini alipagusa penyewe.

Hata mkao ule si wake. Viungo vikuu vya miguu ya buibui havina misuli ya kuvinyoosha. Hunyooshwa kwa msukumo wa maji ya mwilini, na uhai ukitoka msukumo hupotea, miguu ikajikunja chini ya mwili. Ndivyo nilivyotambua kwamba amekufa wala hajivui, kwa maana anayejivua hulala chali na hapaswi kuguswa. Nilimweka ndani ya chombo chenye mfuniko na karatasi yenye unyevu mpaka viungo vikalegea, kisha nikauvuta mguu mmoja baada ya mwingine na kuubana kwa pini mbili zilizopishana pembeni yake, bila kuutoboa. Yule anayeonekana akitembea kwa madaha nimemtembeza mimi.

Niliwahi kufikiria kumtajia wifi CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao umeiorodhesha jenasi (kundi la spishi) ya Brachypelma na humhesabu mnyama awe hai au mfu. Lakini nani amewahi kumshinda wifi yake kwa mkataba wa kimataifa?

Jana jioni nilikuwa namkagua kwa tochi, maana kuna vijidudu ambavyo mabuu yake hula vielelezo vikavu mpaka vikabaki unga, na mwanga ukaangukia kipara kilicho nyuma ya tumbo lake. Ni kiraka kidogo kisicho na vinyweleo, ngozi tupu yenye rangi ya nyama iliyofifia. Kuna siku, Bi Mkubwa akiwa hai, wifi aliinamia kioo cha tangi lake kwa karibu mno, mfuniko ukiwa wazi, naye Bi Mkubwa akageuka na kumrushia vinyweleo vya hapo kwa miguu ya nyuma. Wifi alijikuna mkono mpaka usiku. Vinyweleo hivyo huwasha hata mwenyewe akiwa maiti, ndiyo maana nilivaa glavu kazi nzima.

Kipara hicho hakimo katika ngozi yoyote ya bokisini. Sehemu ya tumbo katika ngozi iliyovuliwa hujikunyata kabisa, na vinyweleo hurudi upya kila anapojivua. Yeye hakujaliwa kujivua tena baada ya siku ile. Nilicheka peke yangu. Tofauti aliyoniuliza wifi aliisababisha mwenyewe.

Nimempiga picha ya karibu na kumtumia wifi bila maelezo yoyote. Amejibu: "Mbona amenyonyoka?" Natafakari jibu ambalo halitazua "haya" nyingine, ilhali mkuu mpya anataka ripoti ya robo mwaka kesho asubuhi, na faili lenye takwimu linagoma kufunguka.